Wana Mbeya, wapi naweza kukaa ninywe kahawa na mbwa wangu? (Forest, Uzunguni, Block T)

BintiWaForest:
Habari zenu wadau, wakubwa shikamooni. Naomba msaada kwa wanaoijua Mbeya vizuri, mi nimehamia mwaka jana kutoka Dar, naishi Forest Mpya. Nina mbwa wangu anaitwa Bela, jike, mama yake shepadi baba yake wa kienyeji, mkubwa kiasi ila mpole na anasikia, ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia lala analala. Kazi zangu nafanyia nyumbani kwa laptopu, wiki nzima niko ndani ya geti, kwa hiyo Jumamosi asubuhi ndo siku yetu ya kutoka, tunazunguka Forest tunapanda mpaka Uzunguni kwa chini ya mlima Loleza, na lile baridi la asubuhi linamfaa kweli kwa manyoya yake yale.

Sasa tukimaliza natamani kukaa mahali ninywe kahawa au chai ya maziwa na kitafunwa, yeye alale pembeni ya kiti, tupumzike hata saa moja ndo turudi. Hapo ndo pananishinda. Kuna sehemu mlinzi alinizuia getini kabla hata sijasalimia. Kuna nyingine niliruhusiwa vizuri tu, niliporudi tena nikakuta mhudumu mwingine akasema mbwa haruhusiwi, na watu wote bustani nzima wakageuka kuniangalia kama nimeingia na fisi. Iliniuma kwakweli.

Kumrudisha kwanza nyumbani ndo nitoke tena naweza, ila yale ndo matembezi yake, na nikimwacha anajua, anakaa getini analia. Sitafuti sehemu ya kifahari. Nataka nje, pawe na kivuli, wamkubali kwa moyo mmoja, iwe Forest, Uzunguni, Block T, Soweto hata Sae, isiwe mbali sana maana bajaji nyingi zinakataa kumpakia. Na kama kuna utaratibu wa kufuata niambieni wazi, niko tayari kuufuata.

KijanaWaMwakaleli:
Mwagonile dada, karibu Mbeya. Nikwambie mapema, hapa mjini ukitafuta kafe yenye kibao kwamba mbwa karibu utazunguka mpaka Uyole na utarudi hujakiona. Huku ruhusa anayo mwenye sehemu. Mlinzi anamuogopa meneja, mhudumu anamuogopa bosi, kwa hiyo ukimuuliza yeyote kati yao jibu lililo salama kwake ni hapana, na ndo maana leo wanakukubali kesho wanakukataa, yule aliyekukubali hakuwa na mamlaka. Nenda peke yako kwanza, bila mbwa, Jumanne au Jumatano saa kumi jioni hivi pametulia, agiza kitu, kula, lipa, halafu uliza mwenye hapa namuonaje. Ukimpata yeye mwenyewe mwoneshe picha ya mbwa kwenye simu, mwambie unakuja saa ngapi na utakaa wapi. Akikubali muombe awaambie wahudumu wake na mlinzi mbele yako. Ukitoka hapo umemaliza, hakuna wa kukuangalia vibaya.

Pa kuangalia ni zile nyumba za zamani za Uzunguni na Forest ya Zamani zenye viwanja vikubwa, nyingi zimegeuzwa kuwa lodge na migahawa ya bustani. Ukiona meza ziko kwenye nyasi au kokoto una nafasi, ukiona vigae na milango ya vioo pita tu. Angalia jiko liko wapi pia. Pale wanapochoma nyama mlangoni kabisa usimpeleke, harufu ya kitimoto itamtesa mbwa na wewe hutakunywa hiyo kahawa kwa raha. Mwanjelwa, Kabwe na Mafiat achana napo kabisa kwa shughuli hii, watu wengi, honi, malori yanayokwenda Tunduma, na vumbi.

Halafu kitu kinachoniuma mimi, ukiagiza kahawa sehemu nyingi hapa mjini unaletewa maji ya moto na kopo la kahawa ya Africafe, wakati arabika ya Mbozi na ya Rungwe iko hapa hapa jirani. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe kama wana kahawa ya kusaga. Nilivyoona mimi, penye kahawa ya kusaga mara nyingi mwenyewe anashinda pale pale, anaijali sehemu yake, anajua wateja wake kwa majina, na huyo ndo mtu wa kuongea naye habari za Bela.

Mkazi_Ilomba:
Dada samahani sipingi ila mi naona mbwa kazi yake kulinda nyumba. Sisi tumekua tunajua mbwa anafungwa mchana anafunguliwa usiku, sasa ukija naye mezani mtu mwenye mtoto mdogo atakulaje? Mdogo wangu aliwahi kung'atwa akiwa darasa la pili na mpaka leo akimuona mbwa anavuka barabara. Siyo dharau, ni uoga wa kweli.

BintiWaForest:
Kaka asante kwa kusema vizuri na pole kwa mdogo wako. Sitaki kabisa mtu kama yeye akose raha kwa ajili yangu, ndo maana natafuta sehemu wanayojua kabisa kwamba kona ile ina mbwa, anayeogopa akae upande mwingine. Na Bela nyumbani analinda vizuri sana, ila mbwa anayefungwa tu na hazoei watu ndo huyo anayeng'ata.

MamaBustani:
Nimesoma nikaona nijibu maana mimi niko upande wa pili wa hili jambo. Nina mgahawa wa bustani hapa mjini, jina sitaji nisije nikaonekana natangaza biashara. Mwanangu nikueleze kwa nini tunakataa, ukilijua hilo utajua na namna ya kutushawishi.

Siyo kwamba tunawachukia mbwa. Nina wangu wawili nyumbani. Tatizo kubwa kwa mwenye mgahawa ni mifupa. Kuna mteja mmoja, mtu mzima mstaarabu kabisa, alikuja na mbwa wake akamfunga kwenye mguu wa meza, na meza zangu wakati ule zilikuwa zile za plastiki nyeupe. Akala kuku akawa anamtupia mifupa chini. Hazikupita dakika nyingi mbwa koko wawili wakapenya kwenye uzio wa michongoma wanafuata ile mifupa, yule mbwa akaruka kuwafuata na meza ikaenda naye, bakuli la supu ya kongoro likapaa, ile supu ikamwagika chini karibu kabisa na mtoto wa meza ya pili. Mtoto hakuungua, namshukuru Mungu mpaka leo. Ila mama yake aliondoka anatetemeka na sijamuona tena, na wale koko wakawa wanakuja kila siku wiki nzima kwa sababu wameshajua pana mifupa. Nilikataza mbwa wote.

Aliyenibadilisha mawazo ni mzee mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Alikuja kuniomba kwa adabu, nikamwambia jaribu mara moja. Alikuwa anakuja saa moja na nusu asubuhi kabla wateja hawajajaa, anaenda moja kwa moja kona ya mwisho chini ya mparachichi, anatandika kipande cha mkeka kilichochakaa, mbwa anapanda juu ya mkeka analala. Mbwa ameshatembea amechoka. Kamba fupi, imefungwa kwenye kiti alichokalia yeye mwenyewe, siyo kwenye meza. Maji anatoa kwenye chupa yake anamwekea kwenye bakuli lake, sahani yangu haiguswi. Yeye anakunywa chai, anasoma gazeti, akimaliza anakung'uta mkeka nje ya uzio anaondoka. Wateja wengine walikuwa wanamaliza kula na hawajajua kama kuna mbwa. Alipoacha kuja kwa ajili ya miguu kumuuma mi ndo niliyekuwa namuulizia.

Kwa hiyo sasa hivi mtu akiniomba naangalia kamba yake na namuuliza mabaki ya chakula atayafanyaje. Akisema atampa mbwa pale pale namkatalia. Akisema atafungiwa aende nayo nyumbani tunaongea.

Mambo mengine madogo madogo. Afisa afya akija anaangalia jiko, vyoo, maji na vyeti vya afya vya wahudumu wangu, sasa akikuta mbwa karibu na jiko nitajibu nini, kwa hiyo ukija usipite njia ya jikoni hata kama ni fupi. Choo cha mbwa ni chako wewe. Ile mifuko laini ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo usitegemee kukuta dukani, beba magazeti ya zamani au mifuko ya kaki na uende nayo mwenyewe, usitupe kwenye pipa langu la bustani maana nzi watakuja mezani. Jumapili baada ya ibada usije, familia zinajaa na watoto wanakimbia. Siku ya mechi pale uwanja wa Sokoine pia usije, mavuvuzela yatamtia wazimu. Na ukikaa saa nzima agiza vizuri, kikombe kimoja cha chai kwa meza ya watu wanne asubuhi nzima hata bila mbwa kinatuumiza.

Umri wake miaka mingapi huyo Bela? Na amechanjwa?

Abuu_Nzovwe:
Naomba niongezee kwa upande wetu Waislamu, kwa nia njema tu, maana wengi wanadhani sisi tunamchukia mbwa. Hapa Tanzania wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafii na mate ya mbwa kwetu ni najisi, chombo akikilamba kinaoshwa mara saba na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo. Kwa hiyo mtu akimuona mbwa analamba sahani ya mgahawa, hatakula pale tena siku nyingine, hata sahani ikioshwa na sabuni gani, kwa sababu hajui ipi ni ipi. Lakini dini hiyo hiyo inatufundisha habari ya mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kumtunza mnyama kuna thawabu.

Kwa hiyo dada bakuli lake mwenyewe kama alivyosema mama hapo juu ni jambo kubwa sana, usilidharau. Na kama sehemu ina pa kuchukulia udhu au chumba cha kuswalia kaa mbali napo. Mwezi wa Ramadhani jioni wakati wa futari muache nyumbani. Ukifanya hivyo mimi binafsi nitakaa meza ya pili na nitakusalimia.

BintiWaForest:
Shikamoo mama, na asante sana. Ana miaka miwili na nusu, amechanjwa, kadi ninayo ila naona inaisha mwezi wa kumi. Abuu nashukuru mno, hilo la sahani nilikuwa nalijua juu juu, sasa nimelielewa.

DaktariWaMifugo_Nyanda:
Hapo kwenye kadi ndo nilikuwa nasubiri. Mimi ni daktari wa mifugo, nafanya kazi huku nyanda za juu. Mtu yeyote anayetaka kumtoa mbwa wake kwenda kwenye watu kitu cha kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa, anaanza akiwa na umri wa miezi mitatu halafu anarudia kila mwaka, na kadi ibebwe. Ipige picha pia iwe kwenye simu. Mwenye mgahawa akiona tarehe na muhuri moyo wake unatulia, nimeshuhudia. Dada usisubiri mwezi wa kumi ufike, mpeleke mwezi wa tisa, Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndo tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huu, na katika kipindi hicho sehemu nyingi huwa kuna kampeni za chanjo.

Nasema hivi kwa uzito kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu karibu kila mara ni kifo, na karibu wagonjwa wote duniani wanakipata kutoka kwa mbwa. Mtu aking'atwa, hata mkwaruzo mdogo wenye mate, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze sindano, usisubiri kuona mbwa atakuwaje na usipake mafuta ya taa wala majivu. Kaka wa Ilomba namuelewa sana kuhusu mdogo wake.

Sasa kuhusu kukaa mgahawani kwenyewe. Mama amesema mifupa kwa sababu ya mbwa koko, mi naongeza kwa sababu ya mbwa mwenyewe, mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha vinamchoma koo na utumbo, nimeshafungua tumbo la mbwa kwa ajili hiyo. Rosti na pilau vina vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Keki ya chokoleti hapana, zabibu hapana, hata zile kavu zilizo kwenye keki, na mabaki ya kahawa kwenye kikombe hapana, kafeini inamuumiza moyo. Bablish zisizo na sukari zikianguka kwenye mkoba kuwa makini, nyingine zina utamu fulani unaoshusha sukari ya mbwa ghafla. Ukiwa na wasiwasi mpe maji tu, chakula atakula nyumbani.

Na kwa kuwa Bela ni jike, kama hajafungwa kizazi, akiwa kwenye joto, yaani anapotaka dume, usimtoe kabisa kwenda mgahawani. Joto linachukua kama wiki tatu na linakuja mara mbili hivi kwa mwaka. Ukimpeleka pale, madume ya mtaa mzima yatamfuata mpaka kwenye ile bustani na mama hatakuita tena. Kupe na viroboto pia, muogeshe dawa kwa ratiba, kupe mmoja akionekana juu ya kitambaa cha meza basi.

MkaziWaGangilonga:
Kamwene wana Mbeya. Mimi ni Mhehe niko Iringa, na ule utani kwamba Wahehe tunakula mbwa naomba leo tuuweke pembeni maana mbwa wangu analala kwenye boksi lake na blanketi, na shida ya dada naijua vizuri.

Huku kwetu Gangilonga na Wilolesi ilikuwa hivyo hivyo, kila mtu anaenda na mbwa wake peke yake anakataliwa peke yake. Tulichofanya, tuliokuwa tunakutana asubuhi kwenye matembezi tukaunda grupu la wasapu, tukaenda kwa mwenye bustani mmoja kama kikundi. Tukamwambia sisi tuko watu kadhaa, wote mbwa wetu wana kadi, tunaomba asubuhi moja kila mwezi utuachie upande mmoja wa bustani, tutaagiza kifungua kinywa wote, tutakaa mpaka saa tatu tunaondoka. Yeye saa hizo meza zake huwa tupu. Alifikiria siku mbili tatu akakubali. Baada ya muda akaanza kuturuhusu na siku nyingine, mtu mmoja mmoja, kwa sababu alishatujua sura na mbwa alishawajua kwa majina. Mwenye biashara ukimletea wateja saa ambayo hana wateja anakusikiliza.

Sehemu zinazopokea wageni wanaoelekea hifadhi ya Ruaha nazo mara nyingi ni rahisi kuongea nao, wamezoea kuulizwa maswali ya kila aina. Ila hifadhini kwenyewe mbwa hapana, hifadhi za taifa haziruhusu wanyama wa nyumbani, kwa hiyo anayewaza kwenda Kitulo na mbwa akaone maua asihangaike.

Msimu wa mvua ndo changamoto. Kuanzia Desemba mpaka Aprili bustani zinalowa, na mbwa aliyelowa ananuka na akijikung'uta anawaloanisha watu. Sisi tunaangalia wenye vile vibanda vya nyasi vya duara, unachukua cha pembeni. Mvua ikiwa kubwa tunaahirisha, watu wanajaza kahawa kwenye chupa ya chai tunakunywea kwenye baraza la mmoja wetu.

BajajiSae:
Mi dereva bajaji kituo cha Sae. Dada umesema tunakataa kupakia mbwa, sababu ni siti. Manyoya yakibaki abiria anayefuata akiwa amevaa suti anagoma kupanda, na bosi wangu nikirudisha bajaji inanuka ananikata hela. Wewe njoo na shuka au turubai dogo la kutandika siti nzima mpaka chini, mbwa akae sakafuni katikati ya miguu yako siyo juu, ongeza hela kidogo ya usumbufu, na mpigie dereva mmoja unayemjua kabla siyo kusimamisha njiani. Mimi wa hivyo nabeba. Tena mbwa aliyezoea anatulia kuliko abiria wa saa tano usiku wa kutoka Kabwe.

KijanaWaMwakaleli:
Hilo la grupu la wasapu naliunga mkono kwa mikono miwili. Forest asubuhi nawaona watu na mbwa wao kila mmoja kivyake, hawasalimiani hata. Dada wewe anzisha, mi nina rafiki zangu wawili Block T watajiunga.

BintiWaForest:
Jamani ndaga fijo wote, sikutegemea majibu ya hivi. Nimefanya hivi. Jana jioni nilienda sehemu moja Uzunguni bila Bela kama kaka alivyosema, nikakunywa chai nikaomba kuonana na mwenyewe, ni mama mmoja mtu mzima, nikamwonesha picha na kadi. Swali lake la kwanza likawa lile lile la mifupa, nikamjibu kama nilivyofundishwa hapa, chakula kikibaki kinafungwa nakwenda nacho. Akaniuliza anabweka? Nikamwambia akiona mbwa mwingine anabweka, watu hapana. Akasema nije wiki ijayo asubuhi mapema ila kwanza anaongea na mlinzi wake. Sijui kama atakumbuka kwa hiyo nitampigia Ijumaa.

Huku nyumbani nimeanza kumfundisha mkeka. Nautandika uani, akiulalia namsifia, nakaa pembeni na kikombe changu, nikiona anataka kuinuka namwambia lala. Kwa sasa anavumilia kiasi halafu anataka kucheza, mlinzi wa jirani akipita tu mkeka umesahaulika. Dokta nitampeleka chanjo mwezi wa tisa, na kizazi nataka kumfunga pia nitakufuata inbox kwa maswali. Mama, na kwako naweza kuomba kuja siku moja?

MamaBustani:
Marahaba mwanangu. Nimekutumia inbox mahali na namba ya kupiga. Usije Jumamosi hii, nina sherehe ya kipaimara bustani nzima imechukuliwa. Ile inayofuata njoo saa moja na nusu, uingilie geti dogo la upande wa mtaro, geti kubwa wanapita watu wa mboga na maziwa na wengine wanaogopa. Kabla hujaingia mtembeze vya kutosha, akifika kwangu awe anataka kulala tu. Ile kona chini ya mparachichi nitakuwekea meza ya mbao, nzito, haivutwi.

SaeMpya_88:
Mama na mimi nina wawili wa kienyeji, wana kadi wote, wamezoeana hawagombani. Naweza kuja nao siku hiyo hiyo?

MamaBustani:
Siku hiyo hapana mwanangu. Mbwa wawili wakimkuta wa tatu ambaye hawamjui ni vurugu hata wawe wapole vipi. Mwache Bela aje kwanza, wewe njoo katikati ya wiki na mmoja tu, tumuone.